Shangazi zangu wawili hapa Tanga: kansa ya titi jina moja, dawa mbalimbali. Naomba tuelewane

#1 Mwana wa Chumbageni

Assalaam aleykum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauweka kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye arusi Makorora, tuko jikoni, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake: "Safari ya Dar ya nini? Vidonge vyangu vimebaki, nitakugawia." Vidonge vyenyewe ni tamoksifeni, dawa ya kansa ya titi. Nilikuwa na upawa mkononi, nikauweka chini. Maneno kama hayo ndiyo yaliyoingia nyumbani kwetu miaka ile.

Baba yangu alikuwa na dada wawili, wote walipatwa na saratani ya titi. Shangazi mkubwa anakaa Ngamiani, alikuwa na miaka 61. Alifanyiwa upasuaji, titi likaondolewa, akaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku, tamoksifeni hiyo hiyo. Mpaka leo asubuhi mtamkuta barazani anakaanga vitumbua. Shangazi mdogo wa Pongwe alikuwa na miaka 43. Yeye akaambiwa asikatwe kwanza, aende Dar kuanza dripu, yaani dawa kali za kuua kansa (kemotherapi), halafu ndipo upasuaji, halafu mionzi. Akaona anaonewa. "Mbona dada yangu kapewa vidonge tu, na ugonjwa ni huo huo?" Wakakaa wawili chumbani, na mkubwa kwa mapenzi yake akamgawia vyake. Miezi minne. Sisi hatukuambiwa. Uvimbe uliokuwa kama ndimu ukajaza kiganja, na kwapani pakaota mwingine. Tulipompeleka ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alifariki mwaka uliofuata, Mola amrehemu.

Lililonichoma zaidi ni neno lililokuwa likizunguka matangani: "Sikio la kufa halisikii dawa." Nitalirudia neno hili, kwa sababu kazi yangu ni maabara ya patholojia, upande wa kuandaa vinyama vya kupima, na ninajua sikio lenyewe ni lipi. Mimi si daktari wa kutibu. Ninachokijua ni kile kinachoonekana kwenye kioo cha hadubini na kile kinachoandikwa kwenye karatasi mnayopewa.

Kansa ya titi ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo mna mpole, mna mkali, mna wa kimyakimya anayerudi baada ya miaka ishirini. Ukisema "fulani ana kansa ya titi" umetaja ukoo tu, mtu mwenyewe bado hujamtaja.

Titi la mwanamke hukua na kubadilika kwa kuitikia homoni. Ndani ya seli zake mna vipokezi, nami huvifananisha na masikio. Estrojeni, homoni ya kike, ikipita kwenye damu, seli yenye sikio lake husikia, ikaanza kujigawa. Kansa nyingine hubaki na masikio hayo. Hizo ndizo chanya, kwenye karatasi utaona ER+, na pembeni yake PR, hiyo ni ya homoni nyingine, projesteroni. Tamoksifeni kazi yake ni kuziba sikio. Haiui seli kwa sumu, inainyima habari. Ndiyo maana inataka muda, miaka mitano, wengine kumi, kila siku bila kuruka. Kwa kansa yenye masikio, miaka mitano ya kidonge hicho hupunguza vifo kwa kadiri ya theluthi moja ukihesabu hadi mwaka wa kumi na tano. Kwa isiyo nayo haipunguzi kitu.

Kansa ya shangazi mdogo haikuwa na sikio la estrojeni, haikuwa na la projesteroni, na hata HER2, ambayo nitaieleza, haikuwa nayo. Kwa hiyo yeye hakuwa sikio la kufa. Sikio halikuwapo, na dawa aliyopewa haikuwa yake.

Jambo hili la kutofautiana lilionekana zamani kabla halijaeleweka. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika habari za wanawake wenye kansa ya titi iliyokwisha kusambaa. Aliwatoa ovari, ambazo ndizo zinazotoa estrojeni, na uvimbe ukanywea. Madaktari wenzake wakamwiga, wakaona kwa baadhi unanywea na kwa wengine hausogei kabisa, na hakuna aliyeweza kutabiri nani atapona na nani atakatwa bure. Wanawake walikaa zaidi ya miaka sitini katika bahati nasibu hiyo, mpaka Elwood Jensen wa Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoonyesha kwamba estrojeni inashikwa na kipokezi ndani ya seli, na kwamba kansa nyingine inacho na nyingine haina. Hapo ndipo iliwezekana kupima kabla ya kutibu.

Sasa HER2. Hii ni protini inayokaa juu ya ngozi ya seli, inapokea amri ya kukua. Kila seli ya titi inayo kidogo. Jeni yake kwa kawaida ni nakala mbili. Katika baadhi ya kansa jeni hiyo imejinakili mara nyingi, ngozi ya seli ikajaa HER2, na seli ikawa inapokea amri usiku na mchana. Zamani hii ilikuwa miongoni mwa zilizoogopwa kuliko zote. Mwaka 1998 Marekani waliidhinisha trastuzumabu, kingamwili iliyotengenezwa mahususi kuishika HER2, na hali ya wagonjwa hao ikabadilika. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Kwetu bei ndiyo kizingiti, hilo sihitaji kuwaeleza.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana, wa mwaka 2000, wa Charles Perou na wenzake. Walisoma jeni zaidi ya 8,000 katika vinyama vya titi kutoka kwa watu 42. Baadhi ya wagonjwa walichukuliwa kinyama mara mbili, kabla ya dripu na baada yake, wiki nyingi zimepita katikati. Mara nyingi vinyama viwili vya mgonjwa mmoja vilifanana kuliko kinyama chochote cha mtu mwingine. Yaani uvimbe una sura yake, kama mtu alivyo na sura yake. Kutokana na kazi hiyo ndipo yakaja makundi yanayotumika hadi leo: yanayofuata homoni, ambayo nayo yamo mapole na makali, lenye HER2, na lile ambalo wengi wake huangukia kwenye hasi tatu, yaani ER hasi, PR hasi na HER2 hasi, kundi la shangazi yangu.

Hata umbo linatofautiana. Nyingi huanzia kwenye mirija ya maziwa na kufanya donge unaloligusa. Nyingine, za kwenye vitundu vya maziwa, seli zake hazishikani, zinapenya moja moja kama siafu, na unaweza usipate donge, ukahisi tu sehemu ya titi imekuwa nzito au imekakamaa. Picha ya mamografia, yaani eksirei ya titi, nayo hupitwa nazo.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ukipewa majibu ya kinyama, tafuta ER, PR na HER2. Ikiwa karatasi inasema "saratani ya titi" ikaishia hapo, kipimo hakijaisha. Na karatasi hiyo ni ya aliyetajwa juu yake peke yake, hata kama mwenzake wamezaliwa tumbo moja.

Mwenye swali aulize, nitajibu ninalolijua.

---

#2 Binti Usagara

Dada, pole sana kwa msiba. Nimesoma nikiwa na karatasi ya mama mkononi. Kwetu imeandikwa ER hasi, PR hasi, HER2 0. Ndiyo hiyo hasi tatu? Jirani yetu aliingia kwenye simu akasoma, akatuambia ndiyo mbaya kuliko zote na tusitumie pesa. Mama ana miaka 48. Tangu Jumanne hali vizuri.

---

#3 Mwana wa Chumbageni

Ndiyo, mdogo wangu, ni hiyo. Mwambie mama ale, nguvu anazihitaji.

Hasi tatu inakua haraka, hilo ni kweli, na haina kidonge cha kuziba masikio. Lakini seli zinazojigawa haraka ndizo dripu inazozikamata vizuri. Ndiyo sababu siku hizi madaktari wengi huanza na dripu kabla ya kisu: wanataka kuona uvimbe unaitikiaje. Wapo ambao upasuaji ukifanywa baadaye, sisi huku maabara tunatafuta kansa kwenye titi lile hatuioni tena. Mgonjwa wa namna hiyo ana matumaini makubwa. Akibakiwa na seli, daktari anajua mapema kwamba anahitaji kuongezewa kitu.

Jambo jingine ambalo jirani yenu hakulisoma: hasi tatu ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitano ya mwanzo, na akivuka hapo hatari hushuka sana. Ya homoni ndiyo inayoweza kukaa kimya miaka kumi, kumi na tano, hata ishirini, kisha ikajitokeza mfupani. Kwa hiyo "mbaya kuliko zote" ni neno la mtu aliyetazama upande mmoja.

Tena hasi tatu ni jina la kukosa. Tumetaja vitu vitatu ambavyo haina, hatujasema ina nini. Ni kapu, ndani yake mmetiwa aina nyingi. Nyingine zinatokana na hitilafu ya jeni ya BRCA1 ambayo hupita kwenye familia, kwa hiyo mwulize daktari kama nyinyi mabinti mnahitaji kuangaliwa mapema. Kuna na dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumabu, ambazo kwa baadhi ya wenye hasi tatu zimeongeza uhai zikitolewa pamoja na dripu. Ghali mno kwa mtu wa kawaida, lakini ijueni ipo.

Na takwimu za kwenye simu: nyingi ni za Marekani na Ulaya. Kule hasi tatu ni kiasi cha 10 hadi 15 katika kila wagonjwa 100. Afrika Magharibi tafiti zimeikuta kwa kiwango kikubwa zaidi. Si vizuri kubandika hesabu ya watu wengine kwenye kifua cha mama yako.

Mwanzeni. Hapo ndipo shangazi yangu alipopotea, kwenye ile miezi minne.

---

#4 Mvuvi wa Sahare

Nina swali la mtu asiyesoma sana. Kama dawa ni hizo tatu nne, kwa nini kila mgonjwa asipewe zote? Ya kuziba masikio, ya HER2, na dripu. Moja itashika. Sisi baharini usipojua samaki yupo kina gani unashusha mishipi mingi.

---

#5 Mwana wa Chumbageni

Swali hili ni zuri, kaka, na hata madaktari wamelipigania miaka mingi.

Kila mshipi hapa una ndoana inayomshika na mvuvi. Dripu hushusha chembe nyeupe za damu, homa ndogo ikageuka hatari. Kwa mwanamke kijana inaweza kufunga uzazi. Trastuzumabu inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana mgonjwa hupimwa moyo kabla na katikati ya mwaka mzima wa sindano, kila wiki tatu. Tamoksifeni huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kwa waliokoma hedhi huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba. Mjamzito haruhusiwi kabisa. Ukimpa mtu dawa isiyomhusu, amebeba madhara yote na faida hakuna.

Kisha kuna pesa. Familia inauza kiwanja Pongwe kwa ajili ya dawa ambayo karatasi ingewaambia haitafanya kazi. Nimeliona hili kwa macho yangu.

Hata dripu kwa kansa ya homoni si lazima kwa wote. Mwaka 2018 ulitolewa utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 10,000, wakapimwa jeni 21 za uvimbe. Wengi wa waliokuwa katikati ya kipimo, hasa wenye umri zaidi ya miaka 50, walifanya vizuri kwa kidonge peke yake sawasawa na walioongezewa dripu. Kipimo hicho kwetu ni ghali, lakini kinaonyesha shida ilivyo: wenye jina moja, hata kundi moja, bado wanatofautiana.

---

#6 Mzee wa Mikanjuni

Binti yangu, nimefuatilia uzi wako tangu alfajiri. Mke wangu alipimwa mwaka 2017, ER chanya, asilimia 80. Akanywa vidonge kwa uaminifu, mimi mwenyewe nilikuwa namhesabia. Mwaka 2022 akaanza maumivu ubavuni, wakaona madoa kwenye ini. Wakachukua kinyama cha ini. Majibu: ER hasi. Wanangu wamekasirika, wanasema kipimo cha kwanza kilikosewa na mama yao alinyweshwa dawa ya bure miaka mitano. Nani alikosea?

---

#7 Mwana wa Chumbageni

Shikamoo baba. Poleni sana wewe na mama, na Mungu akulipe kwa kumhesabia.

Inawezekana kabisa hakuna aliyekosea.

Baba umelima, naamini. Shamba likiwa na magugu mchanganyiko, ukapita na jembe, mengi yanakauka. Ndago haifi. Jembe limekata majani, viazi vyake vimebaki chini. Msimu ujao unarudi unakuta shamba zima ni ndago, na mgeni akipita atasema hapa hapakuwa na gugu jingine. Ndago ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikuwa chache, na palizi yenyewe ndiyo iliyoipa nafasi kwa kuwaondoa wenzake.

Uvimbe ni hivyo. Asilimia 80 maana yake katika kila seli 100 za kansa, 80 zilishika rangi. Zile 20? Hazikuwa na sikio, au lilikuwa dogo mno. Dawa ikazinyamazisha zile 80, na nyuma yake wachache wakapata nafasi. Tena seli za kansa zinapojigawa zinakosea kunakili jeni zake, kwa hiyo kila mwaka wanazaliwa wapya wenye tabia mpya. Peter Nowell wa Philadelphia aliliandika hili mwaka 1976, kwamba uvimbe ni ukoo unaobadilika, na anayestahimili ndiye anayezaa. Nyingine hata hazipotezi sikio, bali sikio linaharibika likawa linasikia amri hata estrojeni ikiwa haipo. Hiyo hutokea sana baada ya dawa za kukata estrojeni, kama letrozoli.

Kwa hiyo vidonge vya 2017 vilimhusu mama. Miaka mitano ile wanao walikaa na mama yao.

Kuna uwezekano wa pili, nao siuondoi. Sindano ya kuchukulia kinyama ni nyembamba kama njiti ya kiberiti. Uvimbe wa sentimita tano una pande nyingi, na upande mmoja unaweza kuwa na tabia isiyo ya upande wa pili. Sindano inasema habari za mahali ilipopita. Ndiyo sababu hatuchukui uzi mmoja wa nyama, tunaomba kadhaa.

Muhimu ni kwamba daktari wenu alifanya sahihi kuchukua kinyama upya kwenye ini badala ya kuendelea na karatasi ya zamani. Wengi hawafanyiwi hivyo. Matibabu ya sasa yafuate karatasi ya ini. Na HER2 pia waisome upya, hiyo nayo hubadilika wakati mwingine.

---

#8 Mzee wa Mikanjuni

Marahaba. Nitawasomea wanangu leo baada ya Isha. Hilo la ndago watalielewa, wamelima nami Maramba.

---

#9 Nesi Mstaafu Muheza

Mwanangu umenena. Ruhusu niongeze la upande wetu, maana tofauti nyingine hazitoki kwa mgonjwa, tunazitengeneza sisi.

Nilipokuwa kazini, mahali sitapataja, kinyama kilikuwa kikitolewa kwenye chumba cha upasuaji, kinatiwa kwenye chupa ya jemu yenye maji ya chumvi, anapewa ndugu: "Peleka maabara." Ndugu hana nauli siku hiyo. Chupa inakaa chini ya kitanda. Kesho kutwa anapanda basi, chupa mapajani, jua la Segera linaipiga. Kikifika kimeshaanza kunuka. Na majibu yalikuwa yakirudi yote hasi, sisi tukidhani watu wa kwetu ndivyo walivyo. Nimestaafu na jambo hilo linanikosesha usingizi. Wangapi walinyimwa kidonge rahisi kwa sababu ya chupa ya jemu?

---

#10 Mwana wa Chumbageni

Mama, shikamoo. Umelisema kwa ujasiri, na mimi ndiye ninayekaa mwisho wa safari ya chupa hiyo, kwa hiyo niruhusu nilieleze kwa kirefu.

Nyama ikishatoka mwilini inaanza kujila. Vipokezi ni protini, vinaoza mapema. Inatakiwa iingie kwenye formalini ya asilimia 10, maji ya dawa yanayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja, na formalini iwe nyingi, mara kumi ya ujazo wa nyama. Titi zima likitumbukizwa kama lilivyo halifai: formalini inapenya kiasi cha milimita moja kwa saa, kwa hiyo nje inahifadhika na katikati panaoza. Lazima likatwe vipande kwanza. Ikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Ikipungua hapo au kuzidi, kipimo kinadanganya.

Kisha tunaitia kwenye nta, inakuwa kiboksi kidogo. Tunakata utandu wa mikroni tatu au nne, tunaupaka kingamwili, na ER ikiwapo, viini vya seli vinakuwa rangi ya kahawia. Asilimia 1 tu ikishika rangi, inahesabiwa chanya, ingawa ile ya chini ya 10 huitwa chanya hafifu na tabia yake mara nyingi iko karibu na hasi.

Sasa sikilizeni siri ya kazi. Pembeni ya kansa karibu kila mara kuna mirija mizima ya titi, na mirija mizima ina seli zenye ER kwa asili. Mimi nikiona kansa haina rangi, sikimbilii kuandika hasi. Natazama mirija ile. Ikiwa nayo haina rangi hata kidogo, basi shida iko kwenye nyama au kwenye dawa zetu, na kinyama kinatakiwa kirudiwe. Daktari wa patholojia mzuri hulitazama hili kila siku. Hata mfupa, ukilainishwa kwa asidi kali ili ukatike, unaweza kupoteza vipokezi vyake.

Kwa hiyo ndugu wa mgonjwa, mkipewa chupa, ulizeni: "Hii ni formalini? Kimetiwa saa ngapi?" Saa iandikwe kwenye fomu. Si utovu wa adabu kuuliza.

---

#11 Kijana wa Duga

Wanaume nao?

---

#12 Mwana wa Chumbageni

Wanapata, chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia. Karibu zote zina masikio ya estrojeni. Mwanamume mwenye donge nyuma ya chuchu asione haya, aende.

---

#13 Mama Pangani

Dada, nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Mimi mwenyewe ndiye mgonjwa, miaka 39, watoto watatu. Karatasi yangu: ER 90%, PR 40%, HER2 2+. Pale nilipopimiwa wameniambia nianze tu tamoksifeni. Hiyo 2+ nikauliza, nikaambiwa "iko katikati, haina neno." Nimelala nayo wiki mbili.

---

#14 Mwana wa Chumbageni

Pole dada yangu, na umefanya vizuri kuuliza. Ina neno.

HER2 inasomwa 0, 1+, 2+, 3+. Tatu ni chanya. Sifuri na moja ni hasi kwa trastuzumabu. Mbili maana yake macho hayajaamua: rangi ipo kuzunguka ngozi ya seli lakini ni dhaifu. Hapo kinatakiwa kipimo cha pili, cha kuhesabu nakala za jeni yenyewe kwa rangi zinazong'aa gizani. Sehemu ndogo ya wenye 2+ hutoka chanya, wengi hutoka hasi. Ukitoka chanya unastahili trastuzumabu pamoja na dripu, na kidonge juu yake. Ukitoka hasi, basi una la uhakika la kushika. Vyovyote vile hupaswi kuachwa katikati.

ER 90 ni habari njema kwako, kidonge kinakuhusu. Lakini kwa kuwa bado unapata hedhi, ovari zako zinaendelea kutoa estrojeni, kwa hiyo mwulize daktari wa kansa kama unahitaji na sindano ya kuzituliza. Na ukijihisi mjamzito, usimeze.

Huhitaji kuchomwa upya. Omba kiboksi chako cha nta pale ulipopimiwa, ni kinyama chako, wana utaratibu wa kukuazima. Nenda nacho Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, pamoja na karatasi yote, usikate ukurasa wa pili.

---

#15 Mama Pangani

Nimekwenda leo. Walisita mwanzo, nikawaonyesha ulivyoandika, wakakitafuta wakakipata. Kesho niko stendi ya Kange, basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mume wangu anabaki na watoto, nakwenda na wifi.

---

#16 Mwana wa Chumbageni

Safari njema. Kiboksi kisikae dirishani wala kwenye buti, nta inaogopa joto. Na namba iliyoandikwa juu yake uilinganishe na ya kwenye karatasi kabla hujapanda.

---

#17 Mama Pangani

Nimelinganisha mara mbili, zinafanana. Kimo kwenye mkoba, nimekizungushia kanga.